Klipu Inaanza Ajali Ikiwa Imeshatokea

Kila wiki simu za watu wa Mtwara na Lindi hupokea mshtuko mpya. Bodaboda amejibamiza ubavuni mwa lori. Tembo ameingia kijijini huko Liwale na vijana wanamkimbiza kwa mayowe. Mwizi wa simu amezungukwa sokoni. Mashua imepinduka mbele ya watu waliosimama ufukweni. Klipu ni ya sekunde kumi na tano, ikizidi sana ishirini. Inaingia kwenye grupu la ukoo asubuhi, kabla ya adhuhuri imeshawafikia jamaa walioko Dar es Salaam, na jioni inajadiliwa kijiweni utadhani kila mtu alikuwepo. Halafu inakuja nyingine.

Sina ugomvi na mtu aliyetoa simu mfukoni. Ugomvi wangu ni na mahali klipu inapoanzia. Karibu zote huanza jambo likiwa limeshatokea au linamalizikia, kwa kuwa hakuna anayepiga video barabara iliyotulia. Tunaona damu, tunaona vumbi, tunasikia sauti ya mtu akisema "Mungu wangu!", na kilicholeta damu ile hakimo. Pengo hilo tunalijaza wenyewe: uzembe, tamaa, pombe, mkosi. Tukishalijaza tunaona tumeelewa. Ndivyo watu wanavyoendelea kufa kwa sababu zilezile mwaka hadi mwaka, ilhali sote tunaamini tumeona kila kitu.

Chukua ajali ya pikipiki na lori kwenye barabara ya Masasi kuja Mtwara. Klipu inaonyesha pikipiki imelala, kandambili moja iko katikati ya lami, mtu anajaribu kuvuta mguu usiovutika. Chini yake maoni yanamiminika: bodaboda hawana akili, bodaboda wanakimbilia kaburi. Sasa toka nje ya picha hiyo uangalie. Tangu makaa ya mawe ya Ruvuma yaanze kusafirishwa kwa wingi kupitia bandari ya Mtwara, malori mazito yanatoka upande wa Songea, yanapita Tunduru, Masasi, Ndanda, Nyangao na Mtama, yanakatiza Mnazi Mmoja na kuteremka Mikindani. Ukifika Oktoba, msimu wa korosho nao unaongeza malori yake, yanayotoa mzigo kwenye maghala ya vyama vikuu vya ushirika, TANECU, MAMCU na RUNALI, kuupeleka bandarini. Barabara hiyohiyo ndiyo njia ya mtoto kwenda shule, ya mama kwenda kisimani, ya mzee kwenda msikitini alfajiri. Vijiji vimejipanga pembeni mwake kwa sababu biashara iko pembeni mwake.

Mwangalie na kijana mwenyewe. Wengi hawaendeshi pikipiki zao. Wako kwenye mkataba, na hesabu ya siku lazima ifike kwa tajiri, mvua inyeshe au isinyeshe. Wakati wa korosho ndipo hela ipo, hivyo anaendesha mpaka usiku, amechoka, taa ya mbele ni hafifu. Malipo ya mnada wa korosho yakiingia, pikipiki mpya zinanunuliwa, na watu ambao juzi hawakujua kubadilisha gia wanabeba abiria leo. Kisha kuna lori lililoharibika, limeachwa kandokando ya lami, tairi mbili bado ziko barabarani, na nyuma yake utingo ameweka matawi ya mti kama alama ya tahadhari. Mchana tawi la mwembe linaonekana. Saa mbili usiku, kwa mtu anayekuja na taa hafifu huku akipigwa mwanga na gari la mbele, halionekani. Hayo yote yalikuwepo kabla ya sekunde kumi na tano kuanza. Hakuna hata moja lililoingia kwenye klipu, na ndiyo maana hakuna hata moja linalojadiliwa kijiweni.

Jambo lililotokea hukuhuku kwetu ndilo linalonipa imani kwamba chanzo kinapatikana, hata pasipo kamera. Watu wazima wa Lindi wanakumbuka miaka ya simba. Mwaka 2005 Craig Packer, Dennis Ikanda na wenzao walichapisha katika jarida la Nature utafiti ulioonyesha kuwa tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu wasiopungua 563 nchini na kujeruhi zaidi ya 300, na kwamba eneo lililoumia zaidi ni hili la kusini mashariki, Lindi na Rufiji zikiwa mstari wa mbele. Hakuna aliyerekodi. Laiti simu za leo zingekuwepo, tungepata klipu za kutisha kuliko zote tulizowahi kuona, na mjadala ungeishia kwenye simba wa kutumwa, kama ulivyoishia kwa wengi wakati ule.

Watafiti wale walifanya kazi ya kuchosha. Walikusanya taarifa za matukio wilaya kwa wilaya, wakachunguza mtu alishambuliwa wapi, akifanya nini, mwezi gani. Kilichojitokeza ni nguruwe pori. Mashambulizi yaliongezeka wakati wa mavuno, wakati nguruwe wanapoingia mashambani na watu wanapolala kwenye vibanda vyepesi na madungu kuyalinda mazao. Mahali ambapo wanyama wengine wa kuwindwa walikuwa wamepungua, simba alimfuata nguruwe shambani, na shambani akamkuta mkulima na wanawe. Ukishajua hivyo, unajua pa kuanzia: mzuie nguruwe, mjengee mkulima mahali imara pa kulala. Maarifa hayo yalitoka kwa watu waliokubali kukaa na kusikiliza habari nzima, tangu kabla ya kishindo mpaka baada yake.

Mtu wa mbali ndiye anayeumizwa zaidi na picha iliyokatwa mwanzo. Tarehe 22 Mei 2013, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilipowasilishwa bungeni, Mtwara iliwaka. Waliokuwa mikoa mingine waliona moshi, matairi na askari. Kwao Mtwara ikawa mji wa fujo. Swali ambalo watu walikuwa wameliuliza kwa miezi, kwamba gesi ikisafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam hapa kitabaki nini, halikuwa na picha, kwa hiyo halikusafiri. Simsafishi aliyechoma nyumba ya mwenzake. Ninachosema ni kwamba moshi unapigika picha na swali halipigiki, na nchi ilijadili kilichopigika.

Zipo kamera ambazo hazina kasoro hii, na tofauti yake inafundisha. Tarehe 15 Februari 2013 kimondo cha upana wa takriban mita 20 kililipuka angani juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi. Dunia nzima iliona, kwa sababu madereva wengi wa kule huweka kamera ndogo mbele ya gari ili wajitetee kwenye migogoro ya bima na ajali za kusingiziwa. Kamera zile zilikuwa zinawaka kabla ya chochote kutokea. Wanasayansi walichukua video kutoka pembe mbalimbali wakakokotoa njia ya kile kimondo angani na kilikotoka. Wakajua pia kwa nini watu wapatao 1,500 walijeruhiwa, wengi kwa vioo. Mwanga ulitangulia, watu wakasogea madirishani kutazama, na wimbi la mgandamizo wa hewa likafika baadaye kidogo likavunja vioo nyusoni mwao. Leo mtu yeyote anaweza kufundishwa kwa sentensi moja: ukiona mwanga mkali wa ghafla, ondoka dirishani. Sentensi hiyo imepatikana kwa sababu video ilikuwa na mwanzo.

Kamera za ulinzi za mitaani zimefanya kazi nyingine ambayo wengi wetu hatuijui. Sote tumezoea kulaumu: watu wa siku hizi hawana utu, badala ya kuokoa wanapiga video. Mtafiti Richard Philpot na wenzake walichukua rekodi za kamera hizo za ugomvi 219 hadharani katika miji ya Amsterdam, Cape Town na Lancaster. Katika matukio tisa kati ya kumi, alikuwepo angalau mtu mmoja aliyeingilia kati: kuamulia, kumvuta mmoja pembeni, kumliwaza aliyepigwa. Na kadiri watu walivyokuwa wengi, ndivyo uwezekano wa mtu kusaidiwa ulivyoongezeka. Fikiria maana yake kwetu. Simu ya mkononi huonyesha kipigo na umati uliosimama, halafu inazimwa. Kamera iliyotundikwa ukutani, inayoendelea kuwaka, inamwonyesha yule mama aliyekuja na maji na kijana aliyekimbilia kutafuta bajaji. Utu wetu haujaisha. Umeachwa nje ya sekunde zile.

Ukitaka ushahidi wa hapa nchini, kumbuka ndege iliyoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022. Ilibeba watu 43; 19 walifariki, 24 wakaokoka. Picha iliyobaki vichwani mwetu ni mkia wa ndege ukiwa juu ya maji. Wavuvi waliofika na mitumbwi yao kabla ya wengine, wakahangaika na mlango, wako pembeni mwa picha hiyo.

Kuna klipu moja ambayo kwa bahati mbaya ilianza mapema, na nadhani tuliipoteza. Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Kabla ya moto kulipuka, mtu alirekodi watu wakiwa na madumu kulizunguka lori. Waliofariki kwa tukio lile walizidi 100. Tulichofanya na video ile ni kuwahukumu marehemu: tamaa. Bandari ya Mtwara nayo hupokea mafuta, na malori yanayoyachukua yanakwenda Ruvuma na mbele zaidi kwa barabara zenye vijiji kila kona. Ni kijiji gani kwenye njia hiyo kimeonyeshwa klipu ya Msamvu mkutanoni, mwenyekiti akasimama akaeleza kuwa mvuke wa petroli hauonekani, unatambaa chini, na cheche moja inatosha? Ile ilikuwa video ya kufundishia, tukaifanya ya kusikitikia.

Sasa nije kwa aliyelala chini.

Ukanda wetu wa pwani una adabu yake kwa mtu aliyepatwa. Ajali ikitokea, mwanamke wa kwanza kufika huvua kanga yake ya juu na kumfunika majeruhi, hata kama hamjui. Hakuna aliyemwamuru. Maiti husitiriwa, na anayeosha hasimulii alichokiona. Mambo ya jandoni na unyagoni watu wanayajua na hawayasemi sokoni. Jamii yenye nidhamu ya namna hiyo imekuwaje ikubali kijana ainue kanga ile apige picha ya karibu? Nimewasikia watu wakisema kuwa ni kwa ajili ya ndugu wamtambue. Hapana. Ndugu anatambua kwa kupigiwa simu, kwa mjumbe wa mtaa, kwa mzee anayetumwa nyumbani akaanza na salamu na kuomba maji ya kunywa kabla ya kutoa habari. Mama anayeikuta sura ya mwanawe kwenye status ya jirani ameumizwa mara mbili, na jeraha la pili limetoka kwetu.

Tarehe 26 Julai 2022 asubuhi, Mikindani, gari lililokuwa likipeleka watoto shule lilitumbukia korongoni. Watoto walifariki, na watu wazima waliokuwa nao. Hakuna mzazi wa Mtwara ambaye siku ile hakutetemeka. Kilichohitajika kuonekana na kila mtu ni lile teremko, breki za lile gari, karatasi ya ukaguzi wa mwisho na idadi ya viti ikilinganishwa na idadi ya watoto. Miili ya watoto haikumhusu yeyote zaidi ya wazazi na madaktari. Siwezi kulisema hili kwa upole zaidi ya hapo.

Sheria haiko kimya. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda heshima ya mtu na maisha yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya ya mtu katika kundi la taarifa nyeti, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Lakini sitegemei kesi zitubadilishe. Nina wasiwasi zaidi na jambo ambalo hata wenye nia njema hawalijui: kusambaza kunaua ushahidi.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inakubali video mahakamani, ila mahakama inaangalia ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa, kama haijaguswa, na kama aliyeirekodi anajulikana. Klipu ikipita WhatsApp inabanwa, ubora unashuka, na taarifa za saa na mahali zilizokuwa ndani yake zinapotea. Ikishazunguka kwenye magrupu hamsini, imekatwa na huyu, imewekewa muziki na yule, nani atasimama kizimbani kusema hii ni yangu na niliipiga hivi? Yule kijana aliyeirekodi naye ameshaifuta kwenye simu yake kwa sababu nafasi imejaa, akijua kwamba "ipo kwenye grupu". Hivyo dereva aliyekimbia anabaki huru baada ya kosa lake kutazamwa na nchi nzima. Kama umerekodi ajali, hatua yenye faida ni kuiacha ile video ya kwanza kwenye simu iliyoipiga, bila kuikata, na kwenda kumwambia trafiki kwamba unayo.

Wala usiamini kila klipu ni ya kwetu. Kila upepo mkali unapotangazwa Pwani ya Kusini, magrupu hujaa mawimbi yaliyorekodiwa bahari nyingine. Angalia magari yanakwenda upande gani wa barabara. Tanzania tunaendesha kushoto, na Msumbiji jirani zetu pia kushoto. Kama gari linapita kulia, hiyo si Msimbati wala Palma. Kagua hilo kabla hujamtisha mama yako aliyeko Kilwa Masoko.

Na bado, kuna siku kamera za watu wa kawaida zilifanya kazi nzuri mno. Mei 2024, baada ya mvua kubwa zilizoandamana na Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kuja kusini ilikatika, Somanga na Mikereng'ende zikiwa miongoni mwa sehemu zilizoharibika. Kusini ilikuwa imetengwa. Picha za lami iliyoning'inia hewani, maji yakipita mahali palipokuwa na kalavati, na foleni ya malori na mabasi, zilifika kila mahali. Hazikumvua nguo mtu yeyote. Msafiri aliyeko Mbagala aliahirisha safari. Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, Innocent Bashungwa, alipiga kambi huko mpaka njia ikafunguka. Hakuna ofisa aliyeweza kusema kwamba hali ni ya kawaida. Kamera ilielekezwa kwenye kitu kilichobeba sababu: kalavati dogo kuliko maji yake, tuta lililoliwa. Mhandisi angeweza kuitazama na kujua pa kuanzia.

Nataka klipu za namna hiyo ziwe nyingi. Nataka kijana wa bodaboda wa Mtama arekodi lori lililoachwa na matawi nyuma yake kabla halijagongwa. Nataka mzazi wa Mikindani arekodi gari la shule lililojaza watoto kupita kiasi asubuhi, sura za watoto zisionekane, namba ya gari ionekane. Nataka mtu wa Liwale au Nachingwea anayemwona tembo karibu na shamba arekodi akiwa mbali, kisha awapigie maofisa wanyamapori mapema, badala ya umati kumsogelea mnyama mpaka aghadhibike na familia moja ibaki ikisubiri kifuta machozi, fedha ya pole kutoka serikalini. Na ajali ikishatokea, mtu mmoja apige 112, au 114 kama kuna moto au mtu amebanwa. Namba zote mbili ni za bure.

Mzigo huu usiachiwe mwenye simu peke yake. Klipu za Somanga zilizaa matunda kwa sababu upande wa pili kulikuwa na mtu aliyelazimika kujibu. Anayerekodi kalavati lililobomoka Nanganga leo amtumie nani? Makao ya polisi wa usalama barabarani Mtwara na Lindi, pamoja na mameneja wa TANROADS, wakala wa barabara, wa mikoa hii miwili, watangaze namba moja ya WhatsApp kwa ajili ya hatari ambazo bado hazijaua mtu. Redio zetu za hapa ziisome namba hiyo kila asubuhi baada ya taarifa ya habari. Kila mwezi waseme wamepokea nini, wametengeneza nini, na nini kimekwama na kwa nini. Waanze na teremko la Mikindani na malori yanayolala barabarani kati ya Masasi na Mnazi Mmoja, na waanze Septemba, kabla minada ya korosho haijafunguliwa.